Jina Ninalolizunguka

Jumatano, 1 Agosti 1956

Cahier mpya, daftari tupu! Straton amenitafutia sokoni Kashuga. Aliiweka tu juu ya kitanda akatoka kwenda kwa ng'ombe. Asante, mume wangu. Nitakuandika vizuri humu ndani, hata siku utakayoniudhi.

Leo tumesoma sun na son. Mama Anastasie alionyesha jua kupitia dirishani, akalitaja. Kisha akaonyesha picha ya Yesu mtoto ukutani, akasema neno lilelile. Moja ni jua, moja ni mtoto wa kiume. Kwenye karatasi yanaachana, mdomoni ni kitu kimoja. Nikamwuliza: sasa mtu atajuaje? Akasema, "Utasikiliza maneno yenye iko pembeni yake. Neno haitembei peke yake, mutoto yangu." Waingereza hawa. Wana meli, wana ndege, halafu wanavalisha maneno mawili shati moja.

Mama Anastasie ni mke wa katekista wetu. Ni mtu wa Itebero, kule msituni Walikale, lakini alilelewa na wamisionari waliompeleka Uganda, akarudi na Kiingereza chote kichwani. Ananifundisha bure. Nikimpelekea maziwa ya kuganda anayanusa kwanza, anasema ninyi watu wa ng'ombe mnakula vitu vilivyoharibika. Halafu anayamaliza.

Tarehe 14 anakuja Mademoiselle, bibi mzungu wa hospitali ya misheni ng'ambo, Uganda. Anatafuta wanawake wa kufundishwa ukunga, miaka miwili, hata wenye waume wakiruhusiwa. Kwa upande wetu imebaki nafasi moja. Naitaka. Straton ameruhusu, baba mkwe ameruhusu, mama mkwe atakaa na mwanangu Annonciata. Mke gani mwingine huku milimani amepewa hivi? Nikianza kulalamika juu ya kitu chochote mwezi huu, cahier, nikumbushe ukurasa huu.

Naandika Kiswahili kwa sababu yangu mwenyewe. Nyumbani tunasema Kinyarwanda, na kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe, wala neno linalosikika kama jina hilo. Wengine wameanza kulegeza. Nyumba hii haijalegeza. Baba mkwe ana majina mawili. La ukoo lina ndani yake neno letu la wanaume, kwa hiyo tangu niolewe sijasema "wanaume" kwa lugha ya mama yangu; nasema "wenye kofia". La ubatizo ni la yule mtume aliyeanguka njia ya Dameski, mwenye barua nyingi. Nalo silisemi. Hata kuliandika mkono unakataa. Lakini kwa Kiswahili wanaume ni wanaume! Napumua.

Baba mkwe naye akinisemesha hupenda Kiswahili, kibovu vile, anakiburuza kama gogo. Nadhani ni kujivuna kidogo, kuonyesha kwamba ametembea. Tumsamehe.

Ijumaa, 3 Agosti

Pail na pale. La kwanza ni ndoo, ile ya kupelekea maziwa kwa mzungu anayetengeneza jibini. La pili ni rangi ya mtu aliyetokwa na damu.

Mama Anastasie alieleza hilo la pili mara moja tu nikaelewa, kwa sababu nimeiona. Dada yangu Joséphine-Marie, kwenye kipoyi, kitanda cha kubebea wagonjwa, wabebaji wanapokezana, mvua, na barabara ya hospitali haina mwisho. Mtoto alikuwa amekataa kutoka tangu jana yake. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Rangi ilimtoka usoni kabla ya roho. Tulipofika kwenye mto tukawaambia wabebaji wamshushe, wapumzike. Hapakuwa tena na haraka.

Mimi, Annonciata alipokuja amekaa vibaya, mkunga mmoja wa Uganda alikuwa amelala misheni, anapita tu na safari yake. Akamgeuza mtoto kwa mikono. Mikono mitupu, mafuta kidogo, na kuniimbia. Nilimwuliza jina lake, akalitaja, na uchungu ukanisahaulisha. Namshukuru kila siku bila jina.

Basi ndiyo maana. Nataka hapa kwetu pawe na mtu wa kukaa, si wa kupita. Viatu vyeupe vya wakunga navipenda pia, sitadanganya.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya ibada Mama Anastasie alinisifu mbele ya mume wake. "Huyu bibi iko na masikio ya kweli. Ile maneno yenye inafanana, wengine wanalia, yeye anacheka." Akaniuliza masikio haya nimeyapata wapi. Nilitabasamu tu.

Ningemwambia nini? Nimeyapata kwa ukwe. Mke wa kwetu hulisikia neno likija kutoka mbali, akalipisha kabla halijafika mdomoni. Siku zote napima: hili linafanana na jina, hili halifanani, hili limekaribia mno, tafuta njia nyingine. Nilidhani nateseka. Kumbe nilikuwa shuleni. Asante, baba mkwe. Asante ya namna hii huandikwa tu, haisemwi.

Kuna neno moja katika masomo, la mti mrefu wa kusimamishia hema. Limefanana mno na jina lake la ubatizo. Leo nilipolifikia nikakohoa. Mama Anastasie akaniletea maji.

Alhamisi, 9 Agosti

Flour na flower, unga na ua. Meat na meet, nyama na kukutana. Week na weak, juma na dhaifu. Haya mawili ya mwisho hayakunisumbua, nakumbuka juma langu baada ya kuzaa.

Nilitaka kubaki nisukesuke maziwa, siagi imechelewa. Mama mkwe akaninyang'anya kibuyu. Akasema nenda ukasome, siagi haijui ni nani anaitikisa. Nilishuka mlima nikicheka peke yangu. Ukungu mwingi, nyasi zimelowa, sketi nzito hadi magotini. Ni furaha gani hii ya kulowa?

Jumanne, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na mazuri.

Mademoiselle ni mwembamba, viatu vyenye matope kama vyetu, anacheka kwa urahisi. Tulikuwa wachache kwenye benchi la misheni. Alitusomea sentensi, tukaandika. Ilikuwa ni mtego mtupu: jua na mtoto, unga na ua, yote ndani ya sentensi moja. Niliyasikiliza yaliyo pembeni, kama nilivyofundishwa. Akaichukua karatasi yangu, akaipitisha kidole hadi chini, akanitazama, akaipitisha tena. Hakupata kosa. Alinishika bega! Nilifikiri basi, nimeshavuka mpaka, niko Uganda.

Kisha kusoma kwa sauti. Mmoja mmoja ndani, wengine nje. Wote ukurasa uleule wa Biblia ya Kiingereza. Léontine wa Masisi aliingia kabla yangu. Alijikwaa huku na huku lakini alifika mwisho, na mimi nje nilisikia kila neno. Ni barua ya mtume yule. Anajitaja mwenyewe kabla ya salamu. Neno la kwanza kabisa la ukurasa ni jina la baba mkwe.

Nikaitwa.

Niliingia. Akanipa kitabu. Neno lilikuwa pale juu, fupi, la herufi chache. Nilifungua mdomo, ukajifunga. Nikafikiri, nilipite, nianze na la pili. Nikaona aibu, ni kama kumpita baba mkwe njiani bila kumpisha. Mademoiselle akasubiri. Akaweka kidole chini ya neno kwa upole. Halafu akalisema yeye, ili nimfuate. Sikumfuata. Nililia tu, mtu mzima, mama wa mtoto. Alikifunga kitabu polepole ili kisitoe sauti.

Nilimsikia akimwambia Mama Anastasie kwa Kiingereza: anasikia vizuri, anaandika vizuri, hasomi. Na mkunga lazima asome na aite kwa sauti. Mademoiselle anakwenda Walikale kuwaona wengine, tarehe 27 atapita tena hapa. Nikisoma siku hiyo, nafasi ni yangu. Nisiposoma, ni ya Léontine.

Namshukuru. Angeweza kuniambia kwaheri papo hapo.

Nyumbani wakauliza. Nikasema: bado.

Jumatano, 15 Agosti

Mama Anastasie amenifokea na alikuwa na haki. "Weye unajua ile neno! Hata mutoto wa katekismo anaijua. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nikasema ni jina la mtu. La nani? La mwenye ng'ombe. "Huku bote iko na ng'ombe!" Nikasema, babu ya Annonciata. Hapo alikaa. Akalitaja jina la baba mkwe lote, yote mawili, kwa sauti kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, hadi nikageuka kutazama mlango. Akaniuliza kama ndilo hilo. Nikainamisha kichwa.

Nilidhani atacheka. Badala yake akanielezea ya kwao. "Kule Itebero, papa yangu akienda kuwinda, hataji nyama mbele ya kuingia mupori. Anasema tu 'mwenye mikono murefu', 'mwenye kulala juu'. Siku moja kaka yangu alitaja nyama kwa jina pa mulango. Bakarudisha mitego yote ndani ya nyumba, siku ikaharibika. Nilikuwa mudogo lakini ninakumbuka vile papa alimuangalia." Akanishika mkono. "Ungeniambia, dada. Ningekusikia."

Nikamwomba amwambie Mademoiselle anipe ukurasa mwingine. Akakataa. "Na kule hospitali? Wababa wangapi banaitwa vile! Mutoto atazaliwa, batakuuliza jina ya papa yake, utakohoa? Mwenye dawa yake ataitwa, utakohoa?" Akakifunga kitabu cha masomo. "Uende umwambie mwenye jina."

Mimi? Nimwambie baba mkwe kwamba jina lake limeniangusha mtihani? Afadhali nisome Kichina.

"Basi umwambie mama mukwe," akasema. Alinisindikiza mpaka darajani na muhogo wa kuchoma mkononi. Nilipata mwalimu, na leo nimepata dada. Sikustahili vyote viwili kwa maziwa ya kuganda.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimemwambia mama mkwe. Tulikuwa tunaosha vibuyu. Nilimwambia huku nimeangalia maji, ndivyo ilivyo rahisi.

Kwanza alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Halafu akapangusa macho, na hakikuwa tena kicheko. Alisema hata yeye hajawahi kulitaja jina la baba mkwe wake, na mzee huyo amekufa zamani. Siku ya mazishi padri alimwuliza marehemu aliitwa nani. Alikimbia kumwita jirani ajibu. "Nilimpenda sana yule muzee," alisema, "na jina yake sijawahi kuionja." Akaniambia: nitazungumza naye.

Nadhani alizungumza. Jioni baba mkwe alirudi kutoka malishoni, akakaa mahali pake. Nilimletea maziwa kwa mikono miwili kama kila siku. Akayapokea, akayatazama, akayaweka chini. Hakunywa. Katika nyumba hii mtu akiacha maziwa yake amesema kitu kikubwa kuliko matusi.

Nikamwuliza Straton. Akasema, "Papa iko anawaza." Anawaza nini? "Hakusema." Mwanaume huyu ningemtikisa kama kibuyu. Halafu akaniletea kuni bila kuombwa, zile kavu, za mbali. Nikamsamehe.

Jumapili, 19 Agosti

Baba mkwe ameondoka. Kabla ya ibada, kofia kichwani, fimbo mkononi, akashika njia ya Nyamitaba, kwa kaka yake mkubwa Rutayisire ambaye ndiye mkuu wa ukoo. Hakuniaga. Hakuaga mtu yeyote.

Najua anakwenda kusema nini. Mke wa mwanangu anataka kunitaja mbele ya wazungu ili apate viatu vyeupe. Watakaa, watazungumza, Rutayisire atasema mke akae nyumbani. Kwa nini nilifungua mdomo? Kwa kuwa sikuweza kuufungua siku ya mtihani, nimeufungua siku isiyotakiwa.

Na nimekasirika! Acha niandike, nimekasirika. Herufi chache. Katika kanisa zima leo kila mtu amelisema jina hilo, katekista amelisema, vitoto vimelisema, na mimi nimekaa na midomo yangu kama mlango wa zizi. Joséphine-Marie hakufa kwa sababu ya heshima ya mtu. Alikufa kwa kukosa mtu.

Jioni. Hasira imepoa. Mama mkwe amenipikia uji nikiwa nimelala mchana, jambo ambalo hakuna mama mkwe anayelifanya. Aliuweka karibu na kichwa changu akasema kula. Sikuweza kula kwa shukrani. Baadaye nilikula wote.

Jumatano, 22 Agosti

Andika polepole, Verdiane.

Wamerudi wawili, baba mkwe na Rutayisire, mchana. Wakaomba watu wote waje mbele ya zizi. Nilivaa kitambaa changu kizuri, nikajiambia, ukifukuzwa ufukuzwe umevaa.

Rutayisire ni mzee mrefu, sauti ndogo. Alisema wamezungumza usiku na mchana, kwa kuwa jina la mtu si la mtu peke yake, ni la ukoo, hawezi kulifungua bila wakubwa wake. Akamgeukia baba mkwe. Baba mkwe akamwashiria Straton, na Straton akamtoa Gaju zizini, yule mtamba mwekundu mwenye pembe za kupanda, ambaye baba mkwe anampenda kuliko wote.

Baba mkwe alisema na mimi kwa Kiswahili chake. Nayaandika kama alivyosema.

"Mama Annonciata. Hii mutamba iko yako, nimekupa mbele ya bantu. Na jina ya ubatizo, nimekupa pamoja nayo. Hii jina sikuzaliwa nayo. Niliiazima kwa mutume. Yeye hakuniuliza kitu, hakunifungia mulango. Sasa mimi nitakufungia kwa haki gani? Uitaje. Uitaje kwa Mademoiselle, uitaje hospitali." Akasimama kidogo. "Lakini ile ingine, ya babangu, uniachie."

Nikasema, nitakuachia, Papa.

"Na ile maziwa ya siku ile," akaendelea, "sikukasirika. Nilishindwa kumeza. Ulinipa kwa mikono mbili, na mimi njo nilikuwa nimekufunga."

Akaletewa kibuyu, akanywa, akanipa ninywe mahali alipoweka mdomo wake. Nilipiga magoti kwenye samadi na kitambaa changu kizuri. Straton alikuwa anaangalia mawinguni sana, kama mtu anayetafuta mvua.

Rutayisire akasema, "Basi, mutaje tusikie."

Nikafungua mdomo. Wote wakatega masikio. Hata ng'ombe. Na hapana. Midomo ilikutana ikagandana. Walicheka, hata baba mkwe, kicheko kizuri. "Wachana naye," alisema, "itakuja."

Ruhusa ninayo, ng'ombe ninaye, jina ninalo. Ulimi ndio haujapata habari.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimejaribu kwa Gaju. Yeye ni wangu, hatanisengenya. Hapana. Nimejaribu kwa mgomba. Nimejaribu kwenye korongo mahali mwangwi unapojibu, ili angalau mwangwi uanze. Hapana.

Annonciata amepita akikimbiza kuku, anamwita babu yake kwa jina, yote mawili, kwa sauti ya juu. Wajukuu hawana kifungo. Nikamwambia mwanangu, wewe ndiye wa kwenda Uganda.

Mama Anastasie amekuja mwenyewe kumwona Gaju. Akamzunguka, akasema mnyama mzuri, kwao angekuwa tayari kwenye chungu. Tumefanya masomo kwa kusimama. Maneno yote nimeyasema vizuri, hata ule mti wa hema nimeusema, kwa mara ya kwanza! Umetoka kama mfupa wa samaki. Mama Anastasie alipiga makofi. Jina lenyewe, hapana.

Jumamosi, 25 Agosti

Leo nimejua kitu, na aibu na furaha vimenikaa pamoja.

Nilimwuliza mama mkwe kwa nini Papa hunisemesha Kiswahili kila mara, hata jambo la ndani, hata akiomba chumvi, wakati kinamchosha hivyo. Aliniangalia kama mtu anayeuliza kwa nini moto una joto. Akasema: hukujua? Tangu juma ulilofika hapa. Papa alikusikia unavyosema Kinyarwanda mbele yake, unazunguka kila neno, unatembea kama mwenye mwiba mguuni. Siku moja ukamjibu mchuuzi mmoja kwa Kiswahili, ukawa unakimbia. Papa akasema, basi mutoto huyu nitazungumza naye pale anapokimbia. Hakukijua. Alikwenda sokoni kukaa na wachuuzi wa chumvi, mzee mzima, wakimcheka, mpaka akakipata.

Hicho kibovu. Hilo gogo nililosema anaburuza. Alikuwa ananiburuzia mimi.

Niliweka kibuyu chini nikalia juu ya siagi. Mama mkwe akasema itakuwa na chumvi ya kutosha.

Miaka hii yote nimekaa na wema huu nyumbani, nikidhani ni majivuno. Asante, Papa. Asante, asante. Kesho nitamwambia kwa mdomo. Hilo naweza.

Jumapili, 26 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Kiswahili iko muzuri. Inanipa na bei muzuri ya chumvi." Akaendelea kuchonga. Mpini wenyewe ulikuwa umeshalainika kitambo.

Jumatatu, 27 Agosti

Misheni. Naandikia magotini, kwenye benchi la nje. Mvua ya kwanza imeanza tangu alfajiri, bati linapiga kelele.

Jina bado sijalisema. Njia yote nilijaribu ndani ya mvua, hakuna wa kunisikia, na midomo ikagoma. Baba mkwe alitembea mbele yangu na kibuyu cha maziwa ya Mademoiselle. Hakuna aliyemwita kuja. Nilipoamka tu nilimkuta amesimama nje na kofia yake ya Jumapili.

Léontine yuko hapa pia, amekuja kusikia jibu. Amenipa nusu ya shuka lake nijifunike. Nimemwambia kama ni yeye atakayekwenda, aje nimpe sketi yangu ya sufu, Uganda usiku ni baridi. Akasema hapana, utaihitaji wewe. Tumekaa tumejifunika pamoja, kila mmoja anaitaka nafasi ileile moja. Moyo unauma na unashukuru.

Mademoiselle amefika, amelowa, amecheka. Ameingia. Mama Anastasie amefuata. Nimesubiri kuitwa.

Kabla sijaitwa baba mkwe amevua kofia, akaingia yeye.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia. Mademoiselle anauliza kwa Kiingereza mzee huyu ni nani. Mama Anastasie anaanza kujibu, na baba mkwe anamkatiza. Anasema polepole, kwa kile Kiswahili alichokwenda kukitafuta kwa wachuuzi:

"Mimi njo Paul. Ile yenye iko mu kitabu, niliiazima. Nimeleta mutoto wangu asome."

Halafu tena, kwa sauti ya juu zaidi, sauti ya kupita mlango na mvua na bati, sauti ya kunifikia mimi hapa:

"Paul."

Nimeliandika. Mara mbili. Naliangalia hapo juu, ni mkono wangu huu. Haukukataa.

Mlango umefunguliwa wote. Amekaa kwenye benchi la ukutani, kofia magotini, macho chini, miguu ameirudisha nyuma ili mtu apite. Ananipisha. Yeye ndiye ananipisha.

Kitabu kiko mezani, kimefunguliwa. Mama Anastasie ananiita. Nasimama. Midomo imekutana tena, imebana. Lakini jina hili linaanza hivyohivyo, kwa midomo kukutana, na sasa —